Tawi la Njia Panda

Mama Thoa aliapa mbele ya mumewe, mbele ya mama mkwe wake na mbele ya chungu cha wali wa kunata kilichokuwa kikifuka mvuke, kwamba siku ile hatoki nyumbani.

"Nitakaa hapa hapa nichambue maharage," alisema.

"Sema tena, mama, nikusikie vizuri," alisema Thoa, binti yake, akikaza mikanda ya begi la mgongoni.

"Sitoki. Nitoke niende wapi na umri huu?"

Baba Thoa, aliyekuwa kizingitini akinoa kisu cha binti yake, alicheka puani. "Mama yako akikaa nyumbani leo, mimi nataga yai."

"Taga basi, tukaange," mama mkwe akadakia. Wote wakacheka isipokuwa yule aliyeapa.

Thoa alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na siku hiyo ndiyo ilikuwa siku yake. Pale kijijini walikuwa na chama cha njia, watu wanaopokea wageni kutoka mjini na kuwatembeza vilimani, kupita msituni mpaka ziwa dogo lililoungana na ziwa kubwa, halafu kuvuka kwa boti kurudi nyumbani. Misimu miwili Thoa alitembea nyuma ya wenzake, akibeba maji na kujifunza. Leo angeongoza peke yake. Bwana Luc, mkuu wa chama, alikuwa ameshasema neno lake: wageni wakirudi wazima na wenye furaha, njia ya ziwa dogo ni ya Thoa. Wakirudi vinginevyo, anapewa mpwa wake Bwana Luc, na Thoa ataondoka na binamu zake mwezi ujao kwenda bondeni kwenye kiwanda cha simu.

Neno hilo kiwanda, Mama Thoa hakulipenda hata kulisikia. Kaka yake Thoa alikwenda huko kwa mwaka mmoja tu, akasema. Sasa ni mwaka wa nne. Wanalala wanane chumba kimoja, na mama humwona mwanawe mwaka mpya, siku tano, tatu kati ya hizo amelala usingizi.

Kwa hiyo alimtaka Thoa aipate njia ile kuliko alivyotaka kitu kingine chochote duniani. Na kwa sababu aliitaka mno, wiki nzima hakufunga mdomo. Alimwonya juu ya nyoka. Alimwonya juu ya ruba, juu ya mawe yenye ukungu, juu ya wageni wenye moyo dhaifu wanaoanguka kama magunia. Alimwonya juu ya uyoga, ingawa hakuna aliyesema atakula uyoga.

Wageni walikuwa sita. Vijana wanne wa Hanoi, wavulana wawili na wasichana wawili, wenye viatu vyeupe kama meno ya mtoto. Na wazee wawili, mume na mke: Mwalimu Khai, mstaafu mrefu mwenye fimbo ya kutembelea, na Bi Nguyet, mwenye kamera shingoni. Thoa aliwasalimu chini ya ngazi ya nyumba, akawahesabu, akawagawia mikate ya mayai ya sisimizi iliyofungwa kwenye majani, maana ndio msimu wake.

"Shangazi, mikate hii inang'ata?" aliuliza kijana mmoja, akimtania bibi wa nyumba.

"Ukichelewa kuila, ndiyo," bibi akamjibu.

Wakaondoka wakicheka. Mama Thoa akawasindikiza kwa macho, wakapita mashamba ya mpunga, wakapanda kilima cha kwanza, wakawa nukta sita na nukta moja ya bluu mbele yao. Akakaa. Akachambua maharage kiganja kimoja. Akainuka, akachukua kapu lake la mgongoni.

"Mboga zimekwisha," akamwambia mama mkwe wake.

"Mboga zimejaa pale, macho yako yako wapi?"

"Zile za jana."

"Nenda, nenda. Angalau mwanangu amenusurika kutaga."

Mama Thoa alishuka ngazi.

Vilima vya kwao havina hasira. Vinapanda kidogo, vinashuka kidogo, kama mtu anayepumua usingizini, na kati ya kilima na kilima kuna kijito, na juu ya kijito kuna mti mmoja ulioangushwa kuwa daraja. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeanza kunyanyuka. Ndege walikuwa wakigombana kwenye mianzi. Mama Thoa alikuwa akiipita njia hiyo tangu akiwa mgongoni kwa mama yake, na miguu yake iliijua kiasi kwamba macho yalibaki huru kufanya kazi nyingine, yaani kumtazama binti yake.

Na binti yake alikuwa akifanya vizuri. Hilo lazima lisemwe. Kwenye daraja la kwanza alisimama mpaka wote wakavuka. Kwenye mteremko wa udongo mwekundu alimshika Bi Nguyet mkono bila kumfanya ajione mzee. Aliwaonyesha mti wa mboga tamu, ile ya mlimani ambayo machipukizi yake ukiyachemsha huhitaji hata chumvi, akawachumia wakatafuna. Mama Thoa, amejibanza nyuma ya kichuguu, alitabasamu peke yake kama mwendawazimu.

Shida ilianza walipokaribia msitu. Wale vijana wanne walisikia kwamba ziwa liko chini tu, wakaanza kukimbia. Mmoja alishavua shati akikimbia. Na Mwalimu Khai na mkewe walikuwa wamesimama nyuma kabisa, penye maua, wakifuatilia kipepeo.

Mama Thoa alimwona Thoa akigeuka huku, akigeuka kule. Kisha akarudi mbio kwa wazee, akawaambia jambo, akaonyesha njia kwa mkono, akakatiza mkono hewani. Maneno hayakumfikia mama. Halafu binti akashuka mbio kuwafuata vijana, maana ziwa lile lina kina pale pale ukingoni, na hakuna anayeingia bila kuambiwa wapi.

"Sawa, sawa," mama alinong'ona. "Wafuate hao. Nami nitakufuata wewe."

Lakini wazee walikuwa katikati ya njia. Akipita pale wangemwona, wangemsalimu, na jioni wangemtaja. Kwa hiyo akaingia shamba la mahindi, akalizunguka akiwa ameinama kama mwizi, akatokea mbele yao. Hapo akawa kati: mbele Thoa na vijana, nyuma wazee, yeye peke yake njiani na kapu lake.

Akafika njia panda. Mkono wa kulia njia inashuka msituni hadi ziwani. Mkono wa kushoto inapanda kwenye mashamba ya juu, ambayo yaliachwa zamani kwa sababu ardhi yake ina matundu. Mwamba umeliwa kwa ndani, kangaga zimeota juu, na mwaka juzi nyati wa jembe wa jirani yao alitumbukia huko na jembe lake.

Pale chini, mdomoni mwa njia ya kushoto, palikuwa na tawi. Tawi bichi la mboga tamu, lenye machipukizi manene, limelala kwenye vumbi.

"Ona!" alisema Mama Thoa, na hasira ikampanda. "Watu wa mjini hawa. Wanavunja, wanaonja, wanatupa. Mboga ya watu inalala chini kama takataka!"

Akaliokota, akalipangusa kwa kanga yake, akaliweka kapuni. Kwa kweli alifurahi pia. Mboga ile hufuatwa juu mwambani na watu huvunja miguu kwa ajili yake, na yeye ameipata chini bila jasho. Akageuka kulia, akashuka akiimba moyoni.

Alipata mahali pazuri nyuma ya mawe, juu kidogo ya ziwa. Maji yalikuwa ya kijani, yametulia, na miti imeinama pande zote kuyatazama. Chini yake Thoa alishawadhibiti vijana. Yule mwenye kifua wazi alikuwa ameketi juu ya gogo kama aliyeadhibiwa.

"Dada, hata miguu tu?" aliomba kijana.

"Miguu ndiyo, mpaka hapa magotini. Ukipita magoti nakuvuta kwa nywele, na zenyewe umezinyoa, sijui nitashika wapi!"

Wakaangua kicheko. Mama Thoa alijifunika mdomo asisikike. Huyo ndiye mwanawe. Anajua kukataza na mtu akacheka. Akawaona wakitandika majani ya migomba, wakipanga wali na samaki wa kuchoma, na moyo wake ukatulia kuliko ulivyotulia wiki nzima. Akalitoa tawi kapuni, akaanza kuchambua machipukizi mapajani pake, taratibu, jua likimpiga mgongoni.

Alikuwa amechambua nusu alipoona Thoa anatazama njiani. Akaangalia simu yake, akatazama tena. Akatembea hatua kumi kuelekea msituni, akarudi, maana hakuweza kuwaacha vijana na maji.

"Wazee wale wanachelewa," mama alijisemea. Na vidole vyake vikaendelea mpaka mwisho wa tawi, vikagusa kitu. Akatazama. Mwisho wa tawi haukuwa umevunjwa kwa mkono. Ulikatwa mshazari, kwa kisu kikali, kisu alichonoa Baba Thoa asubuhi ile. Na hapo kwenye mkato palikuwa na jani refu la nyasi, limezungushwa mara mbili na kufungwa fundo.

Mama Thoa aliacha kuchambua.

Kwao, hata mtoto wa miaka sita anajua. Anayetangulia akifika njia panda hukata tawi bichi, hulifunga fundo la nyasi, hulilaza kukatiza njia isiyo yenyewe. Anayekuja nyuma akiliona, haliruki. Yeye mwenyewe alimfundisha Thoa jambo hilo, wakienda kuni. Lakini watu wote hukata kangaga au mwanzi, majani yasiyo na maana. Nani amewahi kufunga njia kwa chakula cha mchana? Thoa alikuwa na haraka, akakata tawi lililokuwa karibu na mkono. Na mama yake, aliyekuwa amejaa ubaya wa watu wa mjini kichwani, aliona mboga tu.

Hapo alikuwa na mambo mawili ya kufanya. Angeweza kushuka, amwambie Thoa, watafute pamoja. Au angeweza kurudi kimya, awapate wazee, awaonyeshe njia, na hakuna atakayejua kwamba aliapa akavunja kiapo. Ninyi mnaosoma, mngefanya lipi? Yeye alifanya la pili. Alikimbia.

Kwenye njia panda aliona matundu madogo ya fimbo kwenye vumbi, yanaelekea kushoto. Tuk, tuk, tuk, kila hatua mbili tundu. Akapanda nayo huku akiita, "Ooi! Ooi!" na sauti yake ikigonga mwamba na kumrudia. Aliwaza simu ya polisi. Aliwaza Thoa akipanda basi na binamu zake, na sanduku la plastiki. Aliwaza mwalimu yule mrefu amekunjika ndani ya tundu kama kiti cha kukunja.

"Ooi!" ikajibu sauti ya mwanamke. "Huku! Polepole dada, ardhi ya huku inakula watu!"

Bi Nguyet alikuwa amesimama kwenye kangaga, kamera mkononi. Mwalimu Khai alikuwa ameketi chini, mguu mmoja una kiatu, mwingine una soksi yenye tope hadi pajani.

"Umeumia, kaka?" Mama Thoa aliuliza, pumzi juu juu.

"Mimi mzima. Kiatu changu ndicho kimetangulia," alisema mzee. "Nilikanyaga, ardhi ikafunguka, nikavuta mguu, kiatu kikabaki. Tumekisikiliza kinaanguka. Kilichukua muda wake."

"Nilimwambia tusiende kushoto," alisema mkewe.

"Uliniambia hivyo tulipokuwa tumeshakwenda kushoto."

"Binti alisema tutaona tawi. Sisi hatukuona tawi lolote, ndipo tukafuata njia iliyo pana."

 Mama Thoa alivua kandambili zake za plastiki, akampa mwalimu ile ya mguu wa kulia. Ilimwacha kisigino nje, lakini ilimfaa. Akawaongoza hatua kwa hatua akipiga ardhi mbele kwa fimbo, yeye pekupeku, mpaka wakatoka kwenye kangaga na kuingia njia iliyo imara.

"Wewe ni wa kijiji kile, dada?" Bi Nguyet aliuliza.

"Mimi ni mchuma mboga," alisema Mama Thoa. Nalo halikuwa uongo.

Alikusudia kuwaacha pale msitu unapoisha. Lakini mwalimu aliteleza mara mbili na kandambili ile, ikabidi amshike bega, na walitokea ziwani hivyo hivyo, wamekumbatiana kama maharusi. Na boti ya Bwana Luc ilikuwa imeshafika. Mwenyewe amesimama ukingoni, mikono nyuma, anatazama saa.

Thoa alikuja mbio. Macho yalikuwa mekundu. Aliwashika wazee, akawauliza hali, akamtazama mwalimu kutoka kichwani hadi miguuni, na hapo miguuni akasimama. Kandambili ile ya kijani, yenye kamba iliyoshonwa kwa uzi wa kuvulia, aliijua. Akainua macho kwa mama yake. 

"Saa nzima na robo," alisema Bwana Luc. "Wageni wawili, saa nzima na robo, hawajulikani walipo. Thoa, ilikuwaje?"

"Ni kosa langu, baba mkubwa. Niliwatangulia. Nikaweka tawi njia panda, lakini labda nililiweka vibaya."

"Nimemtuma kijana wangu wa boti akatazame pale. Hakuna tawi. Tawi halina miguu, Thoa. Ukisahau, sema umesahau. Mtu anayesahau nitamfundisha. Mtu anayenidanganya simpi njia."

"Niliweka, baba mkubwa."

"Liko wapi?"

Thoa aliinamisha kichwa. Alijua, au alianza kujua, lakini hakufungua mdomo. Mama Thoa aliona jinsi binti yake alivyouma mdomo wa chini, kama alivyofanya alipokuwa mdogo akimficha kaka yake asichapwe. Akaona kwamba angenyamaza, mambo yangekwisha hivyo: aibu ya mama ingebaki kapuni, na mtoto angepanda basi.

"Liko humu," alisema, akalishusha kapu.

Akalitoa. Limebaki kijiti na majani mawili matatu, fundo la nyasi bado limefungwa.

Bwana Luc alilitazama, akamtazama yeye. "Mama Thoa. Ulitaka kulipika tawi la njia?"

"Kwa nyama ya kusaga," alisema Mama Thoa. "Nilidhani wageni wamelitupa. Nilimfuata mwanangu kumlinda, na niliapa sitamfuata. Yeye alifanya kama inavyotakiwa. Mimi ndiye niliyewapoteza watu."

"Hapana, mimi niliwaacha nyuma," alisema Thoa.

"Nyamaza, nimesema ni mimi."

"Mama, nawe nyamaza! Mwongozaji ni mimi."

Vijana walijaribu kujizuia, wakashindwa, wakacheka. Mwalimu Khai aliinua fimbo.

"Bwana, nimefundisha miaka thelathini na tano," alisema. "Nikiuliza nani amevunja kioo, darasa zima linatazama dari. Leo naona watu wawili wanagombania kosa moja. Nipe wali wangu nile, na huyu binti kesho anitembeze tena, ila aninunulie kiatu."

Bwana Luc hakucheka upesi. Alizunguka boti yake, akafunga kamba iliyokuwa imefungwa tayari, akarudi. "Kosa la Thoa liko palepale," alisema. "Mgeni wa mwisho akisimama, nawe unasimama, hata kama wa mbele wanaruka ziwani. Wapigie filimbi. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Tangu leo hakuna tawi la kuliwa njia panda. Kangaga tu. Na wewe, shemeji, siku ya wageni nisione hata kivuli chako kwenye vilima hivi." Akakohoa. "Njia ni ya Thoa. Ingieni botini, samaki wanapoa."

Kwenye boti Thoa hakumsemesha mama yake. Aliwasimulia wageni majina ya vilima, akaimba kidogo walipomwomba. Walipofika nyumbani na wageni wamekwenda kuoga, ndipo alipomfuata jikoni.

"Mama, yule mzee angeingia mzima mzima je? Siyo mguu. Mzima."

"Nimewaza hilo njia nzima."

"Ulikuwa unanilinda na nini hasa?"

Mama Thoa alifikiri kwa uaminifu. Nyoka hakumwona. Ruba hakuwaona. Mtu wa hatari aliyekuwa msituni siku ile alikuwa mmoja, na alikuwa amebeba kapu. "Sijui," alisema.

Thoa alivuta pumzi. "Kesho kutwa nina kundi jingine. Watu watano. Utakaa?"

"Nitakaa."

Akina mama, kukaa si jambo dogo. Msidhani ni kustarehe. Siku hiyo Mama Thoa alichambua maharage, akafua mapazia, akafagia chini ya nyumba mpaka kuku wakahama. Mara tatu alishika kapu, mara tatu akaliacha. Mama mkwe alimtazama akasema, "Ukifagia tena nguzo zitaanguka." Lakini Mama Thoa hakuteremka kupita zizi la nguruwe. Kama nawe una mtoto anayeanza kazi yake, nakuomba, funga mlango na ukae upande wa ndani. Hofu yako haina macho mazuri. Itaona mboga mahali pa alama.

Saa tisa alasiri Thoa alipanda ngazi, matope hadi magotini, akavua begi, akaketi karibu na jiko. Mama alimpa bakuli la wali na supu ya maboga. Maswali yalimjaa mdomoni. Aliyameza yote, akachochea moto.

Thoa alikula vijiko vitatu. "Leo kulikuwa na mmoja anayeogopa vyura," alianza.

"Vyura?" alisema mama.

"Vyura, mama! Mwanamume mzima, ndevu mpaka hapa!" Na akasimulia kuanzia daraja la kwanza, bila kuulizwa, mpaka supu ikapoa, na mama yake akaipasha tena.